Mchoro wa Shingo Yangu

Moja

Uongo wangu niliufanya mchana kweupe, nimekaa kwenye kochi, kikombe cha chai ya maziwa kiko mezani. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia fundi kaghushi kadi ya kipimo wanadhani alijifungia mahali, jasho linamtoka. Hakuna cha jasho. Redio ilikuwa inaimba, mke wangu Bupe anachambua maharage barazani, na mimi Ambilikile, fundi wa matundu ya shingoni, yale ya kuchomekea waya, katika kijiji cha Lukasi kwa miaka thelathini na moja, nikachukua kigongeo, kidude cha kupimia matundu, nikakibandika kwenye shingo yangu mwenyewe, nikabonyeza.

Kikagonga. Ukigongwa unasikia kama mtu kakudokoa kwa kidole chini ya sikio, basi. Kwenye kioo ukatokea mchoro: mstari ukapanda, ukakatwa, ukachomoza kijino kidogo, halafu ukalala bapa kama meza. Huo ni mchoro wa tundu ambalo kinga yake ya radi iko hai. Pale juu palipotakiwa kusomeka jina langu nikaandika Sekela. Nikaweka dole gumba, ndiyo sahihi ya fundi. Kadi ikaenda wilayani nami nikamalizia chai yangu.

Sekela ni mkamwana wangu, mke wa Gwamaka, mwanangu wa pekee. Wakati huo alikuwa chumba cha pili, hatua sita kutoka kwenye kochi langu, amekaa kwenye kigoda anasubiri kuitwa. Hakuitwa.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Huko mijini wengi wameshaacha. Sisi Lukasi hatujaacha, na watoto wetu wanatucheka huku wanaifuata mila hiyo. Sekela akisikia nakohoa anapita njia nyingine. Mimi nikiona kanga yake imeanikwa upande wa mbele najua niingilie mlango wa nyuma. Miaka miwili alikuwa anakaa kwenye kiwanja changu, anakamua ng'ombe wangu, na sikuwahi kumwona uso, maana hata harusini alifunikwa. Nilimjua kwa mwendo wake na kwa mchuzi wake. Si chuki hiyo, ni heshima. Na wazee hawakuwa wajinga, waliweka njia ya kuufungua mwiko: unatoa ng'ombe, ndugu wa pande mbili wanakaa siku moja, mnafunguliwa, na kuanzia hapo mnasalimiana kama watu wengine. Ng'ombe nilikuwa nao wanne zizini. Kila mwaka nilikuwa nasema mwakani.

Sasa tundu liko shingoni, chini kidogo ya sikio la kulia. Huwezi kuligonga bila kuinua nywele za mtu na kushika ngozi yake. Mara tatu za mwanzo alizotakiwa kupimwa nilimpeleka Sekela Kiwira, kwa fundi Atupele, ambaye kazi nilimfundisha mimi. Mara hii mvua ilikuwa imelibeba daraja la Kiwira, na zahanati ilitaka kadi ndani ya wiki. Bupe alijitolea. Alisema nimpe hicho kidude akibandike yeye chumbani, mimi nikae sebuleni nisome kioo. Nikamjibu kwamba hiki si kijiko cha kupakulia ugali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, siku hiyo nilishagonga watu wanne, na nilikuwa na uhakika. Uhakika wa nini, hata leo sijui.

Baadaye kidogo nilimsikia Sekela anainuka kule chumbani, anatoka kwa mlango wa jikoni. Bupe alinitazama, akaendelea na maharage yake.

Mbili

Kazi ya Sekela ilikuwa kuazimisha mikono.

Zahanati yetu haina daktari wa upasuaji. Yuko mmoja, Mbeya, kwa wilaya tatu. Mama akishindwa kujifungua hapa Lukasi, Sekela ananawa, anavaa glovu, anachomekwa waya shingoni, na yule daktari anaingia kwenye mikono yake. Anachokigusa Sekela daktari anakigusa. Daktari akitaka kukata, vidole vya Sekela vinakata. Mkono ukichelewa kumfuata hata kwa kufumba jicho, wembe unakwenda pasipotakiwa. Ndiyo maana hawatumii mawimbi ya hewani, ambayo milima yetu inayavuruga kila saa. Wanatumia waya, na waya unatoka kwenye mnara ulio mlimani, na mlima huo radi inaupenda.

Radi si lazima ikupige wewe. Inatosha ipige jirani na waya, umeme unajaa humo, unatafuta pa kutokea, na mwisho wa waya ni shingo ya mtu. Kwa hiyo tunaweka kinga mbili. Ya kwanza ni kubwa kama tofali, iko ukutani, inapokea lile pigo zito na kulimwaga ardhini. Lakini haiwahi yote. Mabaki yanayoiponyoka yanapokelewa na kinga ya pili, ndogo kama punje ya ulezi, iliyo ndani ya tundu lenyewe. Watu huniuliza kwa nini tusiweke ile kubwa shingoni mambo yakaisha. Kwa sababu kila kinga inanyonya data, kama sifongo. Kubwa inanyonya sana, data inatambaa, daktari anakata ini badala ya uzi. Ndogo inanyonya kidogo, data inakimbia, ila pigo moja kubwa linaweza kuiua. Na ikifa hailii wala haitoi moshi. Data inaendelea kupita, tena inapita vizuri kuliko jana, maana sifongo haipo.

Hilo la mwisho nimewafundisha mafundi kumi na tisa. Nilikuwa nawaimbisha kabisa, Atupele akiwa mmoja wao: mtu akikwambia tundu lake limekuwa jepesi ghafla, usifurahi naye, mchomoe.

Tarehe kumi na nne Novemba radi ilipiga mnara. Sekela alikuwa amechomekwa, anafanya mazoezi na daktari, akasikia mdundo shingoni na hakuumia. Kinga ilimwokoa. Kwa kumwokoa ikafa, lakini hilo hakuna aliyelijua, na ndiyo sababu ya kanuni: radi ikipiga, watu wote waliokuwa kwenye waya wanagongwa upya kabla hawajachomekwa tena. Walikuwa watano. Wanne niliwagonga kwa haki. Kadi ya Sekela niliijaza tarehe kumi na nane, kama nilivyosema, na tarehe ishirini akarudi kazini.

Januari Bupe aliniletea sifa. Alikuja nilipokuwa nakata migomba, anacheka, akasema mkamwana wako anakushukuru sana, anasema toka baba alipoliangalia tundu lake limekuwa jepesi ajabu, na daktari wa Mbeya kasema hakuna mikono yenye kasi kama ile wilaya nzima.

Nikavimba. Sitaficha. Nilimwambia Bupe amjibu kwamba ahsante, ndiyo kazi yetu. Jioni kwenye kilabu cha ushirika niliwasimulia wenzangu, nikaongeza na chumvi kidogo. Na ndani yangu, mahali fulani pembeni, kuna kitu kilikohoa. Nilikisikia. Niliagiza chupa nyingine nikajitia hamnazo, na kwa wiki mbili kila nilipokikumbuka nilijipa kazi ya mikono mpaka kikapita.

Nimejiuliza sana maneno yale ya Sekela yalikuwa ni shukrani kweli. Alijua hakugongwa. Huenda alikuwa anamwambia fundi jambo ambalo mkamwana hawezi kumwambia mkwe. Kama ni hivyo, alilifunga vizuri kwenye sifa, nami nikala sifa nikatupa kilichofungwa.

Tatu

Machi, saa nane mchana, walikuwa wanamshona mama mmoja wa bondeni. Mtoto alikuwa ameshatoka na analia. Radi ikapiga upande wa pili wa mlima, wala si karibu. Tofali la ukutani likapokea lake. Mabaki yakaenda shingoni kwa Sekela na hayakukuta kinga ya kuyapokea.

Nesi alinisimulia baadaye. Alisema Sekela alirushwa nyuma mpaka kwenye kabati, waya ukachomoka wenyewe, daktari akapotea. Mama yuko mezani, damu inatoka. Sekela akainuka, mkono wa kulia unaning'inia, akaubana mshipa kwa mkono wa kushoto na kumwelekeza nesi jinsi ya kufunga uzi, hatua kwa hatua, mpaka damu ikakata. Mama yule yuko hai. Mtoto wamempa jina la Sekela.

Mkono wa Sekela haukuamka. Kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini ulikuwa wa baridi, ukiuchoma sindano hajui. Hospitali ya Mbeya wanaweza kuirudisha mishipa ya namna hiyo, lakini isipite siku arobaini. Zikipita, mkono ndiyo umekwenda. Na wana sharti lao. Aliyeumia kazini na tundu lake likiwa halali wanampokea siku hiyohiyo. Aliyenyoa tundu hawampokei kabisa, na hachomekwi tena maisha yake yote.

Kunyoa ni ule ujinga wa watu wenye haraka. Wanaiua kinga kwa makusudi kwa kuipiga na betri, ili tundu liwe jepesi na wao wasifiwe. Kinga iliyonyolewa ukiifungua ni nyeusi katikati. Iliyokufa kwa radi nayo ni nyeusi katikati. Huwezi kuzitofautisha kwa macho, unatofautisha kwa kadi.

Kadi ya Sekela ilisema kinga ilikuwa hai tarehe kumi na nane Novemba. Kumbukumbu za Mbeya zilisema mikono yake iliongezeka kasi kuanzia tarehe ishirini. Kati ya hapo hakukuwa na radi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angehesabu kama walivyohesabu wilayani: huyu binti katoka kwa fundi na kinga nzima, akaenda akainyoa. Kijijini hawakusubiri wilaya. Wiki haikuisha nikasikia dukani, watu wananisemea kwa huruma, kwamba mkamwana wa fundi kamtia aibu mkwewe.

Kumtia aibu mkwewe. Nilinunua chumvi yangu nikatoka.

Gwamaka alinifuata zizini siku ya kumi. Mwanangu si mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni mwa zizi, akaniuliza mara moja tu.

"Baba, uliligonga?"

"Kadi si umeiona," nikamjibu.

Akanitazama. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Akasema ndiyo, nimeiona, akaondoka, na mimi nikaendelea kusukuma samadi iliyokuwa imeshasukumwa. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Nilimpa mwanangu jibu ambalo si la uongo, nikajipongeza kwamba si la uongo, na mkono wa mkewe unakufa chumba cha pili.

Siku kumi na sita nyingine zilipita hivyo. Nilikuwa najiambia kikao cha wilaya cha kuamua jambo hilo kitaliona chenyewe. Nilikuwa najiambia Atupele, atakayekisimamia, ni mjanja, atagundua kitu. Nilikuwa najiambia, na hili ndilo baya kuliko yote, kwamba mkono mmoja mtu anaweza kuishi nao, lakini jina la fundi likishaharibika halirudi.

Nne

Kikao kilikaa zahanati, kwenye ukumbi wa kusubiria wagonjwa. Kwa ajili ya mwiko walifunga shuka la hospitali katikati ya mabenchi: Sekela na Bupe upande wa dirisha, mimi na Gwamaka upande wa mlango, Atupele mbele anatuona wote. Siku hizi yeye ndiye mkaguzi wa matundu wa wilaya. Watu walijaa mpaka nje. Alinisalimia shikamoo mwalimu mbele ya kadamnasi, nikaitikia marahaba huku natazama viatu vyangu.

Akaeleza yote kwa utaratibu, radi, kadi, kumbukumbu za Mbeya. Akasema leo ni siku ya ishirini na sita, kwa hiyo hatutazungushana. Kisha akageukia upande wa dirisha.

"Sekela, tarehe kumi na nane Novemba baba mkwe wako aliligonga tundu lako?"

Nilijua anajua. Alikaa kwenye kile kigoda akasubiri, na hakuna mkono uliogusa shingo yake. Alikuwa na neno moja la kusema, na kwa neno hilo angelala Mbeya usiku huohuo.

"Kadi inasema aliligonga," Sekela akasema. "Siwezi kubishana na kadi ya baba."

Atupele akamuuliza kama anaelewa maana ya jibu hilo. Akasema anaelewa. Akaulizwa kama alinyoa. Akasema mkaguzi aandike anavyoona.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo niliruka nikasimama. Sikuruka. Nilikaa nikamwona Atupele anachukua kalamu, nikamwona anaanza kuandika, na mwilini mwangu ikapita nafuu. Nasema kweli tupu. Nafuu, kama mtu aliyefika chooni. Imeisha, kasema mwenyewe, mimi sikumtuma. Ndipo nikajiona kama nimesimama pembeni najitazama: mzee mwenye mvi, kakaa kwenye benchi, anafurahi kwa sababu mtoto wa watu kamficha nyuma ya heshima yake. Niliichukia nafuu ile mpaka magoti yakanyooka.

"Hakugongwa," nikasema. "Kadi niliighushi."

Unajua watu walifanya nini? Walinisifu. Nilisikia minong'ono ya kuridhika ukumbi mzima. Mama mmoja nyuma yangu akasema baba mkwe kama huyu wamebaki wangapi, anabeba mzigo wa mkamwana. Hata Atupele alitabasamu kwa huzuni. Akasema anauelewa moyo wangu, lakini kadi ina mchoro, na mchoro wa kinga hai hautungwi kichwani. Kama haukutoka kwa Sekela ulitoka wapi?

Nikafungua vifungo vya shati.

Nikiwa kijana nilipigwa na radi juu ya mnara. Kinga yangu ilipona nusunusu, na toka hapo kila nikigongwa mstari ukishakatwa unachomoza kijino kimoja kabla haujalala. Haizidi kipimo, kwa hiyo mashine inanipitisha. Mafundi wote niliowafundisha wamekiona, nilikuwa nawaonyesha darasani, wanacheka. Ila wilayani hakuna anayeangalia michoro. Wanaangalia neno "hai" na dole gumba la mtu wanayemwamini.

Nikamwambia Atupele anigonge. Akanibandika kigongeo. Akabonyeza. Akaigeuza mashine ukutani ili watu waone, mchoro wa sasa juu ya mchoro wa Novemba, na kijino kikalala juu ya kijino.

Halafu yule mama wa nyuma akasonya. Ndiyo sauti iliyonifaa siku hiyo, na nilishukuru kwamba kuna mtu kaitoa. Gwamaka akainuka kwenye benchi letu. Hakunitazama. Akainua pindo la shuka, akapita chini yake, akaenda kukaa upande wa mkewe.

Atupele alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, lakini watu walisikia. Alisema kanuni ina kifungu cha mila. Fundi aliyezuiwa na mwiko wa kwao anapewa onyo, hanyang'anywi dole gumba. Alikuwa ananinyooshea mkono, mwanafunzi wangu, na ningeushika tungetoka pale mila ikiwa ndiyo mkosaji, na mila haina uso wa kuona haya.

"Mila haikunizuia kitu," nikasema. "Bupe alitaka kushika kigongeo, nikamkatalia. Ng'ombe wa kufungulia mwiko wako zizini. Nilikuwa mvivu, na nilijiona najua."

Akaniambia basi nikae. Sikukaa. Nilimwambia kuna jambo la pili ambalo hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia Januari Sekela alinitumia salamu kwamba tundu lake limekuwa jepesi.

Atupele akaiweka kalamu chini. Yeye ndiye aliyekuwa anauimba ule wimbo kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

"Akakwambia jepesi," akasema. "Na wewe ukafanya nini, mwalimu?"

"Nikamwambia ahsante."

Nyuma ya shuka mtu alianza kulia. Sikujua kama ni Bupe au ni Sekela. Nilifunga vifungo vyangu nikakosea, kimoja kikabaki bila tundu lake, na nikaondoka hivyohivyo, shati limepinda, nikipita katikati ya watu walioniachia njia pana kuliko niliyohitaji.

Tano

Gari la Mbeya lilimchukua siku ileile. Dole gumba langu lilifutwa kabla jua halijazama, na kigongeo nikakikabidhi kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa chake. Watu wa Lukasi si wabaya. Wananisalimia. Wananisalimia kwa adabu mno, wanauliza habari za migomba, na hakuna anayetaja umeme mbele yangu. Bupe naye haniulizi kitu. Ila siku moja aliniwekea chakula, akasimama pale, akasema alipokuwa anachambua maharage siku ile aliona, akanyamaza, na anaona haya kama mimi. Nikamwambia hapana, hiyo ni yangu. Akasema si yako peke yako, Baba Gwamaka, usijipendelee.

Juni, baridi imeshika na ukungu hauondoki mpaka saa sita, Sekela alirudishwa. Nikatoa ng'ombe, yule mweusi, mzuri kuliko wote. Ndugu zake walikuja kutoka Mwakaleli. Baba yake alikula nyama yangu na hakunisemesha hata neno moja mpaka walipomaliza, halafu akasema mwiko umefunguka, kwa upande wao. Wazee wakatamka ya kwao. Mchana ukawa umefika, mvua nyembamba inanyesha, mimi nimekaa kwenye kiti barazani.

Bupe alimleta akamwacha mbele yangu. Niliona miguu kwanza, ndala za bluu, pindo la kitenge.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Hayo yalikuwa maneno yetu ya kwanza, baada ya miaka miwili na nusu. Nilidhani yataishia hapo, na ningekuwa nimestahili. Lakini hakuondoka.

"Atupele ameniwekea kinga mpya jana," akasema. "Tundu ni zito, baba."

"Zito sana?"

"Zito. Daktari analalamika."

Nikamwambia amwache alalamike. Kwa fundi hakuna habari njema kuliko hiyo, tundu zito, na yeye alikuwa anajua, na safari hii hakuifunga kwenye kitu chochote. Aliniletea mimi niliyevuliwa kazi, wakati angeweza kubaki nayo.

Akaninyooshea mkono wa kulia. Niliupokea kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa na joto, isipokuwa vidole viwili vya mwisho, ambavyo vilikuwa baridi na havikunikamata. Mbeya walisema hivyo viwili vilichelewa. Sikuuliza vilichelewa kwa siku ngapi. Nazijua, ni zile nilizokaa kimya.

Ng'ombe alikuwa ameshaliwa, wazee wameshatamka, baba yake alikuwa pale pale anatutazama. Nilikuwa nimeruhusiwa kumwangalia usoni mkamwana wangu kwa mara ya kwanza. Alisubiri, kama alivyosubiri siku ile kwenye kigoda. Nikajaribu. Nilifika kwenye kola ya blauzi yake, kwenye plasta nyeupe iliyo chini ya sikio, na macho yakanishinda, yakarudi chini kwenye vidole vile viwili.

Mwiko haukuwepo tena. Nilishindwa tu.